Roketi ya Chupa ya Soda: Maji na Upepo, Bila Moto



Mara hii sikuja na habari za mbuzi wa maziwa wala kitabu cha akiba. Nataka tuongee juu ya roketi. Ndiyo, roketi, ile ya kupaa juu. Najua kuna mzee atakunja jarida hapa hapa aseme huyu naye amekosa la kuandika. Tafadhali mzee, soma kidogo kwanza.

Mambo yenyewe yalianza hivi. Mvulana wa darasa la saba, mtoto wa mama mmoja katika kikundi ninachotembelea, alikwangua vichwa vya viberiti yeye na rafiki yake, wakavishindilia ndani ya kipande cha bomba la chuma. Walitaka kutengeneza roketi. Bomba halikupaa, lilipasuka mkononi. Siku hizi anaandika kwa mkono wa kushoto, maana ule wa kulia umebaki na vidole vitatu. Nilienda kumwona hospitalini nikiwa na maneno ya kumkemea tayari mdomoni. Kabla sijaanza akaniuliza, "Mwalimu, tulikosea wapi?" Hakuwa anauliza juu ya adabu. Alitaka kujua kwa nini bomba halikuruka. Kemeo langu likaishia hapo.

Basi nimjibu yeye na wengine walio kama yeye, kwa sababu wako katika kila kijiji.

Kitu cha kuwaka kikiwashwa mahali palipofungwa, moshi wake na joto lake havina pa kutokea. Presha inapanda, na presha ikipanda moto nao unazidi kasi. Yote haya yanamalizika kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Chuma kinashindwa, kinakatika vipande vipande, na kila kipande ni kama risasi. Hakuna kipimo kizuri cha kutumia nyumbani, hakuna "tutaweka kidogo tu". Tena sheria ya Kenya hairuhusu mtu kujitengenezea vilipuzi bila leseni. Kwa hiyo viberiti, baruti, petroli na mbolea vyote tunaviweka kando. Hatutavihitaji hata kidogo.

Kwa maana roketi haihitaji moto. Inahitaji kutupa kitu nyuma kwa nguvu, basi. Chukua puto, ulijaze pumzi, uliachilie bila kulifunga. Hewa inatoka upande huu, puto linakimbia upande ule. Mwingereza Isaac Newton aliandika kanuni hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1687: ukisukuma kitu, nacho kinakusukuma wewe kwa nguvu ile ile. Aliyewahi kuruka kutoka kwa mtumbwi mdogo akauona ukirudi nyuma anaijua kanuni hii kwa miguu yake. Roketi kubwa zinatupa moshi wa moto. Yetu itatupa maji, na wa kuyasukuma ni upepo wa pampu ya baiskeli.

Wakubwa nao walianza kidogo. Mwalimu mmoja wa fizikia huko Marekani, Robert Goddard, alirusha roketi ya kwanza duniani ya mafuta ya maji maji tarehe 16 Machi 1926, kwenye shamba la jamaa yake katika mji wa Auburn, Massachusetts. Iliruka kwa sekunde mbili na nusu, ikafika juu kama meta 12, ikaanguka kwenye kabichi. Ndiyo, kabichi. Kutoka 1926 hadi 1969, mwaka ambao watu walikanyaga mwezini, ni miaka 43 tu. Na tusidhani haya ni mambo ya ng'ambo peke yake. Hapa kwetu pwani, karibu na Malindi, Waitaliano walisimamisha mtambo wa San Marco ndani ya bahari, na kati ya 1967 na 1988 setilaiti kadhaa zilirushwa kutoka pale. Moja ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotumwa angani hasa kwa kuchunguza miali ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Mahali penyewe palichaguliwa kwa sababu pako karibu na ikweta, ambapo dunia inazunguka kwa kasi zaidi na kuisaidia roketi kuondoka.

Sasa tuingie kazini.

Tafuta chupa ya plastiki ya soda, ya lita moja na nusu au mbili. Nasema ya soda, ile iliyokuwa na gesi. Chupa ya maji ya kunywa ni nyembamba, haikutengenezwa kushika presha. Chupa ya glasi usiilete karibu kabisa, wala mkebe, wala bomba la chuma. Plastiki ya soda hata ikipasuka inachanika tu, haimwagi vipande vikali kama chuma. Angalia isiwe na mkunjo, mkwaruzo wala doa jeupe, na isiwe imekaa juani kwa miezi. Usiipashe moto na usiibandike gundi ile kali ya kukausha haraka, maana inafanya plastiki kuwa kavu na kuvunjika. Tumia selotepu na kamba za tyubu.

Kizibo ndicho kazi kubwa, hapa msiwe na haraka. Kizibo kizuri ni kile cha chupa ya divai. Padre au katekista anaweza kukupa, mwambie ni kwa ajili ya elimu. Kichonge kidogo kiwe chembamba upande mmoja, ili kiingie mdomoni mwa chupa kwa kubana, kama sentimita mbili hivi. Ukikosa, chonga kutoka kwa mpira wa malapa mazito. Toboa tundu katikati kwa msumari uliochomwa moto, kisha pitisha kipande kifupi cha ariyeli ya redio iliyokufa, kile chenye uwazi ndani. Kiingie kwa kubana sana. Kikilegea, upepo utapita pembeni na hamtarusha kitu.

Halafu nenda kwa fundi wa pancha umwombe vitu viwili: mpira wa upepo wa meta tano, ule mgumu unaoshika presha, na vali ya tyubu ya gari isiyotumika tena. Upande mmoja wa mpira unavalishwa kwenye ariyeli, upande wa pili unaingizwa vali, na kila mwisho unafungwa kwa waya uliokazwa na koleo. Pampu itashika kwenye vali, meta tano kutoka kwa chupa. Kuna kijana aliniambia atatumia mpira wa bomba la kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Nilikataa. Dawa ile hujificha ndani ya mpira hata ukioshwa, na maji ya roketi yanamwagikia watoto.

Mabawa yanakatwa kutoka kwa kasuku kuukuu au katoni ngumu. Kata matatu yaliyo sawa, yafunge upande wa mdomo wa chupa, nafasi kati yao iwe sawa. Kumbuka chupa itaruka kichwa chini: mdomo uko chini, kitako kiko juu. Juu ya kitako funga tambara lenye vijiko vitatu vikubwa vya mchanga, kisha ulizungushie makaratasi na nailoni kama vile watoto wanavyofunga mpira wa kuchezea. Uzito huo wa mbele si urembo. Roketi nyepesi mbele inageuka geuka hewani kama kuku aliyekatwa kichwa. Ukitaka kujua kama yako iko sawa, itafutie mahali inapolala mizani juu ya kidole, ufunge kamba hapo, uizungushe juu ya kichwa chako ikiwa haina maji. Ikienda na pua mbele, ni nzuri. Ikienda kinyumenyume au kwa ubavu, ongeza mchanga au panua mabawa. Msiruke jaribio hili, kwa sababu roketi isiyonyooka ndiyo inayorudi kwa watu.

Kituo cha kurushia ni matofali mawili yenye nafasi katikati ya kupitisha mpira, na vijiti vitatu vilivyonyooka vilivyochomekwa ardhini kuizunguka chupa, kila kijiti kikipita katikati ya mabawa. Vifunge tambara kwenye ncha visimchome mtu jicho.

Siku ya kurusha, nendeni uwanja wazi, mbali na barabara, nyaya za stima, mabati ya watu na ng'ombe. Jaza maji mpaka theluthi moja ya chupa. Maji yana uzito, kwa hiyo yakitupwa chini yanaisukuma chupa kuliko hewa tupu. Lakini ukijaza sana, chupa inakuwa nzito na upepo unakosa mahali pa kukaa. Kaza kizibo, igeuze chupa, isimamishe, na wote waondoke hatua ishirini. Anabaki mtu mmoja tu kwenye pampu, mtu mzima, akiwa na miwani kama iko, na haruhusiwi kuinama juu ya chupa kwa sababu yoyote. Anapampu pole pole huku watoto wakihesabu. Presha ikishinda msuguano wa kizibo, chupa inajiondokea yenyewe kwa mlio wa "fwaa!", na yule wa pampu analoa maji. Hilo halina dawa.

Kama pampu ina geji, usipite 40, kwa hesabu ile ile ya fundi wa magurudumu. Isiyo na geji, ukifika mikupuo kumi na tano bila kitu, simama. Usiende kuitikisa chupa! Hapo ndipo watu wanapoumia. Chomoa pampu, kisha ukiwa pale pale mbali, bonyeza sindano ya vali kwa msumari mpaka maji na upepo virudi kwa mpira na kwisha kabisa. Ndipo uende ulegeze kizibo, uanze upya. Kwa sababu hii tuliiweka vali upande wa pampu.

Kupima ilifika wapi ni rahisi. Mtoto anasimama meta 20 kutoka kituoni akiwa na protrakta ya shule iliyofungwa uzi na kijiwe. Akiitazama roketi ikiwa juu kabisa na uzi uonyeshe nyuzi 45, basi roketi iko meta 20 juu ya jicho lake. Nyuzi zikizidi, imepita, zikipungua, haijafika. Rusheni kwa robo ya maji, kisha theluthi, kisha nusu, mkiandika kwenye daftari kila mara. Roketi iliyofungwa vizuri hupita zile meta 12 za Goddard, na sijaona kitu kinachofanya watoto wapige kelele hivyo.

Katika kikundi kimoja mama mwenyekiti aliniuliza mbele ya wote, "Sasa Mwalimu, hii itatuletea unga?" Nikamjibu hapana, haitaleta. Lakini alishika ile vali akaigeuza geuza, akasema kumbe hata bomba letu la dawa ya viazi ni upepo unaosukuma maji, na lile lililokufa mwaka uliopita pengine ni vali tu. Walilifungua jioni ile. Ilikuwa ni ngozi ya ndani iliyokauka, wakaipaka mafuta ya ng'ombe, likashika. Sikuwa nimepanga kufundisha hilo.

Yule mvulana wa vidole vitatu ndiye aliyepima mabawa ya roketi ya kwanza. Mama yake alikaa pembeni akiwa amefunika mdomo kwa leso, na hakuiondoa mpaka chupa ilipotua. Mara ya pili alisogea akaomba ajaze maji yeye mwenyewe.

Chupa moja inaweza kurushwa mara nyingi, lakini ichunguzeni kila mara kabla ya kujaza. Ikionyesha mstari mweupe au ikivimba upande, itoboeni mtoto asije akaiokota na kuipampu tena. Mpira na vali vioshwe, vitundikwe kivulini. Na viberiti virudi jikoni, juu ya rafu ambayo mtoto haifikii.