"Interval" Mbili Kwenye Lebo Moja

Wengi wenu mnaolima nyanya, kabichi na mboga huku kwetu, kuanzia Nyakato hadi Bunda na Butiama, mmepita sekondari na wengine bado mko chuo. Kiingereza cha mtihani mnacho. Kinachotusumbua ni kile cha lebo ya kiuatilifu, na hicho ndicho kinaamua mteja wako anakula nini.

Mlaji ana haki ya kupata chakula salama. Hapa hatuzungumzii huruma ya mkulima. Tarehe 15 Machi 1962 Rais John F. Kennedy wa Marekani aliliambia Bunge la nchi yake kwamba mlaji ana haki ya usalama, ya kupewa taarifa, ya kuchagua na ya kusikilizwa, ndiyo maana Siku ya Haki za Mlaji Duniani huadhimishwa tarehe hiyo. Hapa Tanzania usalama wa chakula uko chini ya TBS tangu 2019, na viuatilifu viko chini ya TPHPA, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020.

Sasa angalia nyanya ya sokoni: haina lebo. Mama anayenunua fungu hawezi kujua ilipuliziwa lini wala kwa dawa gani. Taarifa anayostahili iko kwenye chupa, na chupa iko shambani kwako. Usipoisoma wewe, hakuna mwingine atakayeisoma.

Tatizo kubwa ninaloliona ni neno moja, "interval". Kwenye lebo linaweza kutokea mara mbili na kila mara lina kazi yake. "Spray interval", au "repeat at 7 to 10 day intervals", ni siku kati ya kupulizia na kupulizia tena. "Pre-harvest interval", mara nyingi huandikwa PHI tu, ni siku ambazo lazima zipite kati ya kupulizia mara ya mwisho na kuvuna. Lebo nyingine husema "waiting period" au "days to harvest". Mkulima akiona "7" ya kwanza anadhani kamaliza, kumbe PHI ya zao lake ni 14 na imeandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa. Halafu PHI hubadilika kulingana na zao. Dawa ileile inaweza kuwa na siku tofauti kwa nyanya na kwa kabichi, kwa hiyo usikariri namba ya jirani.

Neno jingine la kuchunga ni "within". "Do not apply within 7 days of harvest" maana yake ni kwamba zikiwa zimebaki siku 7 au pungufu kufika mavuno, bomba lisiguse shamba. Ukichukua "7 days" na "harvest" peke yake, unaweza kuelewa kinyume kabisa. Maneno madogo kama "within", "unless", "at least" na "not more than" ndiyo yanabeba sheria yote. Hayo ya kutisha ya kikemia yanaweza kusubiri.

Kwa nyanya kuna mtego wa ziada. Zikianza kuiva unachuma kila baada ya siku chache, muda mfupi kuliko PHI ya dawa nyingi. Hapo hata ukisoma vizuri huna pa kupenya, kama dawa uliyonunua ni ya siku 14. Kwa hiyo soma PHI dukani kabla ya kutoa hela. Zenye siku nyingi zitumie mapema, zao likiwa changa, na za siku chache ziachie wakati wa kuchuma. Na usijifariji kwamba mteja ataosha. Dawa iliyoandikwa "systemic" huingia ndani ya mmea, maji ya bomba hayaitoi.

Kujifunza lugha hii hakuhitaji kozi. Wanafunzi wa chuo wanaokuja kufanya mazoezi kwa vitendo huwa nawaambia waache kwanza vitabu vya sarufi, wachukue lebo tatu za dawa wanazotumia nyumbani. Piga picha kwa simu, ikuze, andika kila sentensi yenye "do not" kwenye daftari. Chini yake andika Kiswahili chako, kile ambacho ungemwambia kibarua wako. Programu ya kutafsiri ikusaidie neno moja moja, lakini sentensi yenye namba ihakiki mwenyewe. Kisha msomee mwenzako Kiswahili chako bila kumwonyesha lebo, akwambie anavuna lini. Akitaja siku isiyo sahihi, tafsiri yako ina kasoro, rudi kwenye sentensi. Lebo tatu kwa wiki moja zinatosha kuanza, maana maneno yaleyale hujirudia chupa hadi chupa.

Kwenye daftari hilohilo ongeza mistari minne kila unapopulizia: tarehe, jina la dawa, PHI, siku ya kwanza ya kuvuna. Ukipulizia tarehe 3 na PHI ni siku 7, andika tarehe 10. Siku mnunuzi wa hoteli au wa shule akiuliza umepulizia lini, mfungulie ukurasa.