Mto wa Sofa Ulipohamia Kwenye Gari

Nianze kwa kukiri, msomaji wangu. Mwezi mzima nilikuwa namhisi mume wangu vibaya. Vibaya hasa, ile ya kunusa mashati kabla ya kuyafua.

Sisi tunakaa Kimara. Yeye ofisi yake iko Posta na ndiye anayetumia gari, Toyota IST tuliyoinunua ikiwa imeshazunguka sana Japani kabla ya kufika bandarini kwetu. Mimi napanda mwendokasi. Zamani alikuwa akifika nyumbani saa moja na nusu. Ikawa saa mbili na nusu, mara saa tatu. Ukiuliza, "foleni". Safari ya Pasaka kwenda kwa mama Moshi akaikwepa, eti kazi. Halafu mto mmoja wa sofa ukatoweka sebuleni. Wewe dada unayesoma hapa, ungefikiria nini?

Shoga yangu ndiye aliyemalizia. Alimwona shemeji yake Ubungo jioni, gari liko pembeni, yeye amesimama kwa muuza kahawa, kikombe mkono mmoja, mkono mwingine kiunoni. Peke yake? Peke yake. Tukakubaliana kwamba kuna mtu anasubiriwa.

Jumamosi nikachukua gari mwenyewe kwenda sokoni Mbezi. Mto wangu huo hapo, kwenye siti ya dereva, umebonyea kama chapati. Nikautupa nyuma kwa hasira, nikakaa. Mungu wangu! Paja la kulia likazama, nyonga ya kushoto ikabaki juu, na kitu kama kidole cha chuma kikanichoma chini. Sikufika Mbezi kabla ya kuweka gari pembeni nikashuka kujinyoosha, mkono kiunoni. Kumbe "mtu" mwenyewe ndiye huyu.

Usiku nikamuuliza, "Baba Irene, kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema nini, Mama Irene? Mgongo unauma na ada ya mtoto bado?"

Wanaume wetu bwana. Miezi yote hiyo anakunywa kahawa na kashata barabarani ili apumzishe kiuno, kuliko kusema siti imekufa.

Sasa tuje kwenye siti yenyewe. Magari yetu usukani uko kulia, kwa hiyo dereva huingia akiburuza kalio juu ya ukingo wa upande wa mlangoni. Ndiyo maana ukingo ule hufa kwanza, na mwili unaanza kukaa upande. Sponji la ndani lina vijishimo vidogo vya hewa. Uzito, jasho na joto la gari lililoachwa juani vinalichosha mpaka linashindwa kurudi. Ukiona unga unga wa sponji umemwagika chini ya siti, ujue limekwisha.

Baba Irene akasema tutengeneze wenyewe. Siti ya mbele imefungwa na bolti nne tu, kwetu spana namba 14 ilitosha. Lakini usikimbilie bolti. Chini ya siti kuna nyaya: ya taa ya mkanda, na kwenye baadhi ya magari soketi ya njano ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigongwa. Tulichomoa waya wa hasi wa betri kwanza, tukasubiri dakika kadhaa, ndipo tukagusa soketi. Kava limeshikwa na vipete vya waya. Tulivikata kwa koleo, na vidole vikakatika navyo.

Kosa letu lilikuwa sponji. Tulinunua kipande cha godoro, tukakijaza juu ya lile bovu. Siku ya kwanza raha! Wiki ya tatu shimo lilelile, na kidole cha chuma kimerudi. Nami nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Tukaenda Keko, kwa mafundi wa sofa na siti. Fundi alilibonyeza sponji letu, akacheka. "Dada, hili la kulalia." Sponji zuri halijulikani kwa ugumu peke yake, maana lipo gumu lakini jepesi, na hilo huzama upesi. Uliza uzito wake, yaani kilo kwa meta moja ya ujazo, kisha libebe mkononi ulinganishe na jingine la ukubwa huohuo.

Halafu akaipindua siti, na hapo ndipo nilipoona aibu. Chini ya sponji kuna springi za waya zilizopinda kama nyoka. Kishikizo kimoja kilikuwa kimekatika, waya umesimama. Hata tungeweka sponji la dhahabu lingezama tu. Tungeinama na tochi ya simu tangu mwanzo, tungeona.

Akafunga springi upya, akatandaza gunia zito juu yake ili waya usile sponji, akakata sehemu iliyokufa tu na kugandisha kipande kizito kwa gundi. Alitaja Sh 80,000, tukamalizana kwa Sh 55,000. Nilimwomba aongeze inchi mbili zaidi, akakataa mpaka Baba Irene akae kwanza, kabla kava halijafungwa. Alikuwa sahihi: kichwa kilikaribia paa.

Kuna jambo moja nililokataa mimi. Alitaka kushona kava jipya mpaka ubavuni mwa egemeo. Kama hapo kuna kibandiko cha eabegi, paache. Mshono wa pale umetengenezwa upasuke. Uzi wa kawaida unaweza kuuzuia mfuko kutoka. Na ukiamua kununua siti nzima ya mtumba Ilala, hakikisha reli na soketi vinaoana na gari lako, na uikalie kabla ya kutoa hela.

Jumatatu ile alifika saa moja na nusu. Mto wa sofa nimeshaufua mara mbili, doa la kahawa limegoma kutoka. Na shoga yangu mpaka leo ananiuliza, yule aliyekuwa akisubiriwa Ubungo ni nani.