Mtu Aliyevisha Vitabu vya Senti 25

Juzi nilinunua kitabu kwa sababu ya sura yake. Kilikuwa ndani ya boksi nje ya duka la vitabu vikuukuu karibu na chuo, kurasa zimegeuka rangi ya chai: The Catcher in the Rye cha J. D. Salinger, chapa ya Signet ya mwaka 1953. Hadithi yenyewe nilishaisoma. Jalada ndilo sikuwahi kuliona: kijana kavaa kofia nyekundu nyuma mbele, sanduku mkononi, usiku, mtaani kwenye taa.

Aliyelichora ni James Avati. Alizaliwa New Jersey mwaka 1912, akasomea usanifu wa majengo Princeton, kisha akapamba madirisha ya maduka makubwa New York. Baada ya vita alichorea magazeti, na mwishoni mwa miaka ya 1940 akaanza kuwachorea Signet.

Aliingia wakati mzuri. Wenye Signet, Kurt Enoch na Victor Weybright, walikuwa tawi la Marekani la Penguin, na Allen Lane kule Uingereza hakuyapenda majalada ya picha. Lakini Marekani vitabu hivi vya senti 25 viliuzwa vituo vya treni na maduka ya dawa, kando ya pipi na sigara. Asiye na picha nani angemwona? Mwaka 1948 wakaachana na Penguin. (Sisi tuliomjua Willy Gamba kwanza kwa jalada, kibandani, tunawaelewa.)

Avati aliusoma mswada kabla ya kuchora. Aliwaita watu wa mji wake, Red Bank, wakae na kusimama kama wahusika, akawapiga picha, halafu akachora kwa rangi za mafuta. Ndiyo maana watu wake wanaonekana wamechoka kweli. Shati limejikunja, chumba kina kitanda kimoja, mwanamke anatazama pembeni kama aliyekwisha sema la kusema. Alivichora hivyo vitabu vya Faulkner na Erskine Caldwell. Walioiga mtindo wake wengi waliona bega lililo wazi tu, wakalichukua hilo. Mwaka 1952 kamati ya Baraza la Wawakilishi ikaanza kuchunguza vitabu vya bei nafuu, majalada yakiwemo.

Salinger naye hakutaka picha kabisa. Hakutaka mtu ampe Holden uso kabla msomaji hajampa wake. Kitabu kilipohamia Bantam, mwaka 1964, kilitoka na jalada la rangi ya damu ya mzee, maandishi ya njano, basi.

Nimelifikiria sana hili. Mwandishi alikuwa na haki. Holden ni wake. Ila tazama vizuri alichofanya Avati: uso wa kijana umegeuka, hatuuoni sawasawa. Kofia, koti na upweke ndivyo vinavyoonekana. Kwangu mimi huyo ni mtu aliyekisoma kitabu kuliko wengi tuliokifanyia mtihani.

Avati alifariki mwaka 2005, na kitabu changu kiko juu ya meza ya chumba cha klabu. Wanachama wawili wamekwisha niomba kuazima, na mmoja aliuliza kwanza, “Huyu kijana anakwenda wapi?”