Chuma cha damu kinapogombewa na bakteria

KATIKA duka moja la dawa hapa Kinyinya, wilayani Gasabo, nilimkuta mama aliyembeba mtoto mgongoni akiomba dawa ya kuongeza damu. Mtoto alikuwa na homa tangu jana yake na viganja vyake vimepauka. Muuzaji hakumpa. "Mama, mpeleke kwanza kituo cha afya wampime," alimwambia. Mama akaondoka akinung'unika kwamba amefukuzwa na pesa yake mkononi.

Wengi tungekasirika kama yeye. Sisi tuliosomea ukimbizini, mimi nikiwa Karagwe, tulifundishwa kwamba damu ikipungua dawa yake ni chuma, basi. Hata darasani nimelirudia somo hilo miaka mingi. Kumbe lilikuwa nusu tu ya somo.

Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 za chuma, uzito wa msumari mdogo. Karibu chote kimefungiwa. Kingi kimo ndani ya chembe nyekundu za damu, kingine ni akiba kwenye ini, na kile kinachosafiri kimeshikwa na protini iitwayo transferini. Ulinzi huo una sababu yake: bakteria wengi wanaotuletea maradhi nao hawawezi kuzaliana bila chuma. Maradhi yakiingia, ini humwaga homoni iitwayo hepsidini, ambayo hufunga njia za chuma katika utumbo na kwenye maghala ya mwili. Ndiyo maana mtu aliyeugua muda mrefu hupungukiwa damu hata kama anakula vizuri.

Bakteria hawakati tamaa. Wafanyabiashara wa Rusumo na Gatuna watawaelewa upesi. Bakteria hutuma nje wakala wake, kemikali ndogo iitwayo siderofori, yaani mbeba chuma kwa Kigiriki. Wakala huyu hukikamata chuma kwa nguvu za ajabu, hata kukinyang'anya kutoka kwa transferini, kisha hurudi kwenye mlango unaomfungukia yeye peke yake. Mmoja wa mawakala hao, enterobaktini, alitambuliwa mwaka 1970 na makundi mawili ya wanasayansi, moja Marekani na jingine Australia, kila moja kivyake.

Mwili nao una askari wake wa mpakani. Protini iitwayo lipokalini humnasa enterobaktini njiani pamoja na mzigo wake, jambo lililothibitishwa mwaka 2002. Salmonela wakavumbua hila: humvisha wakala wao sukari, askari akashindwa kumshika. Nikiri kwamba nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilicheka, maana nimewahi kuona magunia yakibadilishiwa sura kwa namna hiyo hiyo.

Lakini kuna mahali ambapo kicheko kinakoma. Kisiwani Pemba, zaidi ya watoto 24,000 wenye umri wa mwezi 1 hadi 35 waliingizwa katika utafiti mkubwa wa virutubisho. Agosti 2003, sehemu iliyohusu chuma na asidi ya foliki ilisimamishwa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2006, yalionyesha kwamba watoto waliopewa chuma walikuwa katika hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kulazwa hospitalini. Malaria ilikuwa nyingi Pemba wakati huo, na kimelea cha malaria si bakteria, ila nacho kinahitaji chuma. Lakini katika kundi dogo lililochunguzwa kwa karibu, ambako watoto walipimwa na kutibiwa malaria, wale waliokuwa na upungufu wa chuma na damu walinufaika.

Kuhusu bakteria wenyewe, ushahidi ulitoka Kenya. Mwaka 2015, Tanja Jaeggi wa chuo cha ETH mjini Zurich na wenzake walichapisha habari za watoto wachanga waliotiliwa unga wa virutubisho kwenye uji wa mahindi. Unga wenye chuma uliongeza tumboni bakteria wa aina ya E. koli waletao maradhi, na utumbo ukaonyesha dalili za uvimbe. Unga wa namna hii akina mama wa Rwanda wanaujua kwa jina la Ongera. Hiyo si sababu ya kuutupa, kwani upungufu wa damu nao unaua na kudumaza. Miaka miwili baadaye, katika utafiti mwingine uliofanyika Kenya, unga huo uliongezewa sukari inayolisha bakteria wema, na madhara yakapungua.

Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba palipo na malaria, mtoto apewe chuma sambamba na kinga, vipimo na tiba ya malaria. Kwa hiyo muuzaji wetu wa Kinyinya hakumfukuza mteja.

Mashaka hayo yalihusu vidonge na unga, si chakula cha kawaida. Rwanda ilianza kutoa mbegu za maharagwe yenye chuma kingi mwaka 2010. Huko Huye, wasichana 195 wa chuo kikuu wenye upungufu wa chuma waligawanywa makundi mawili, wakala maharagwe kwa siku 128, na damu ya waliokula yale mapya iliongezeka zaidi. Wenye kuvusha magunia mpakani wajue jambo moja: chuma hakionekani kwa macho. Mnunuzi lazima aulize mbegu ni ipi.