Dawa ya moyo na tezi ya mtoto aliye tumboni

Je, una maradhi ya moyo na umeshika mimba? Soma jina lililo kwenye pakiti ya dawa zako. Kama ni amiodaroni, mweleze daktari leo.

Dawa hii hutuliza moyo unaodunda ovyo, na kuna wagonjwa ambao maisha yao huitegemea. Lakini zaidi ya thuluthi moja ya uzito wake ni aidini. Kidonge cha miligramu 200 kina takriban miligramu 75 za aidini, ilhali mama mjamzito huhitaji robo miligramu tu kwa siku.

Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, hutumia aidini kutengeneza homoni zinazokuza mwili na ubongo. Aidini ikizidi mno, tezi husimamisha kazi. Ya mtu mzima kwa kawaida hujirekebisha baada ya siku chache. Ya mtoto aliye tumboni haina uwezo huo hadi karibu wiki ya 36 ya mimba. Kwa kuwa amiodaroni hupenya kondo la nyuma, baadhi ya watoto huzaliwa tezi ikiwa haifanyi kazi ipasavyo, na wachache huwa na rovu.

Mtoto huyo aweza kuonekana mzima kabisa. Baadaye hulala mno, hunyonya kwa uvivu, hufunga choo na umanjano wake hukawia kuisha. Usingoje dalili hizo. Omba damu yake ipimwe siku za kwanza, kisha irudiwe wiki zinazofuata. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, atapewa thairoksini na kukua vyema. Mara nyingi hali hii hupita. Ukicheleweshwa, ubongo huenda ukadhurika.

Hata hivyo, usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe. Moyo wako ukishindwa, nyote wawili mko hatarini. Isitoshe, amiodaroni huchukua wiki nyingi, hata miezi, kutoka mwilini. Kama unapanga kupata mtoto, muulize daktari mapema kama kuna dawa nyingine inayokufaa. Dawa hii huingia pia katika maziwa ya mama, kwa hivyo uliza kuhusu kunyonyesha kabla hujajifungua.

Akina mama wengi hutibiwa moyo mahali pamoja na kuhudhuria kliniki ya wajawazito kwingine. Usidhani madaktari hao wameambiana. Beba pakiti ya dawa kila uendapo kliniki, na siku ya kujifungua mwonyeshe mkunga.