Fundi wa Matimba na Cheti Chake

Katika machimbo ya Nyarugusu, mkoani Geita, roho za watu walio chini ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, zimo mikononi mwa fundi wa matimba, miti inayozuia shimo lisiporomoke. Kabla hajasimamisha mti, hugonga mwamba kwa nyundo na kutega sikio. Mwamba mzima hulia kwa ukali. Uliopasuka ndani huvuma kama ngoma. Hapo ndipo anapoamua kuweka matimba, kuangusha kwanza jiwe linaloning'inia, au kuwatoa watu wote. Ukaguzi wa namna hiyo ni sehemu ya msingi ya mafunzo ya uchimbaji wa chini ya ardhi, hata katika migodi mikubwa iliyojaa mitambo.

Fundi huyo huyo akiomba kazi katika kampuni ya madini, ataandikwa kibarua wa kubeba mizigo, kwa sababu hana karatasi. Ujuzi anao, kinachomkwamisha ni ushahidi.

Chanzo ni namna anavyolipwa. Duarani watu hugawana viroba vya mawe: mwenye leseni fungu lake, mwenye duara lake, wachimbaji lao. Hakuna mkataba wala hati ya mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka hati ya utumishi, lakini anayeishi kwa mgao, nani atajitokeza kusema ni mwajiriwa wake? Miaka kumi ya kazi inapita bila kuandikwa popote.

Hata hivyo, njia ya kupata ushahidi huo ipo. VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Mwombaji haanzi darasani na vijana waliomaliza shule juzi. Anapimwa kwa anachokifanya, wapimaji wakilinganisha kazi yake na viwango vya fani. Pengo likionekana hupewa mafunzo mafupi, na akifaulu hupata cheti. Waashi, maseremala, wapishi na mafundi magari wamepita njia hiyo. Kwa Shinyanga na Geita, ningeanza na wanaotengeneza injini za makarasha ya kusagia mawe, wanaochomelea na wanaofunga umeme wa winchi, kwa kuwa fani zao zinatambulika tayari.

Matimba ni suala zito zaidi. Oktoba 2015 mgodi wa Nyangalata, Kahama, uliporomoka, na watu watano wakaokolewa baada ya siku 41 chini ya ardhi. Januari 2017 wachimbaji 15 walifukiwa Geita. Wote walitolewa hai. Kila mchimbaji wa ukanda huu anajua kwamba mara nyingi mwisho huwa si huo. Ninaamini fundi wa matimba mwenye cheti angekuwa na nguvu ambayo leo hana: kumwambia mwenye duara kwamba leo hapaingiwi, na neno lake likasimama, hata kama mawe yenye dhahabu yameanza kuonekana.

Hata kabla viwango vya kazi ya matimba havijaandaliwa, mwenye leseni anaweza kuanza wiki hii. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: jina la fundi, kazi anayoifanya, tangu lini, namba ya leseni na sahihi. Mpimaji atapata pa kuanzia, na fundi atakuwa na cha kuonyesha akigonga mlango wa kampuni.