Sanamu Haisimami kwa Zege Peke Yake

Ukifika Posta, Dar es Salaam, utaiona Sanamu ya Askari, pale Samora inapokutana na Azikiwe. Hivi kitu kizito namna ile kinasimamishwaje? Tuelezane kwa kuwaza kwamba tunasimamisha sanamu ya aina hiyo Lushoto, maana mlimani uzembe hauchelewi kujulikana.

Kwanza ni barabara. Sanamu kubwa ya bronzi huwa na uwazi ndani: ni ganda la milimita chache lililoshikwa na fremu ya chuma. Pamoja na hayo, inaweza kufika tani kadhaa. Sasa, barabara ya Mombo hadi Lushoto, kilomita 33 hivi, ni kona juu ya kona, mwamba upande huu, korongo upande ule. Fundi anapima kona kwanza, ndipo anaamua kama sanamu ije nzima au ije vipande vya kuunganishwa juu. Na kreni nayo itapanda njia hiyo hiyo.

Pili ni ardhi. Udongo mwekundu wa Usambara ukishiba maji ya masika, mteremko unaweza kuporomoka. Kwa hiyo msingi uwe mbali na ukingo, uchimbwe mpaka udongo mgumu, na uzungushiwe mifereji. Uwe mpana na mzito pia, kwa sababu upepo huisukuma sanamu ndefu kama unavyosukuma tanga. Nondo zikishafungwa, bolti ndefu husimamishwa kwenye zege bichi kwa kufuata ubao wenye matundu sawasawa na ya kitako cha sanamu. Matundu yakipishana hata sentimita moja, kitako hakiingii. Zege hupewa siku 28 likomae, hata kama mgeni rasmi ana haraka.

Tatu ni kunyanyua. Sanamu hufungwa kwa mikanda imara isiyoichubua, wasaidizi wanashika kamba ili isizunguke, na mtu mmoja tu ndiye anayempa ishara dereva wa kreni. Wakipiga kelele watu watano, ni hatari. Ikishatua, hupimwa kwa pimamaji, nati zinakazwa, na nafasi ya chini inajazwa saruji. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu: kwenye ukungu kama wa Lushoto, chuma cha kawaida kikigusana na bronzi huliwa haraka.

Basi kazi imekwisha? Bado, jamani. Kabla ya Askari, pale Posta Wajerumani waliweka sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeongoza jeshi lililovunja upinzani wa Abushiri, yule aliyenyongwa Pangani mwaka 1889, mkoa huu huu wa Tanga. Waingereza walipoteka mji mwaka 1916 waliiondoa, na mwaka 1927 wakaweka Askari. Wissmann akapelekwa Hamburg, akasimamishwa chuo kikuu. Mwaka 1967 wanafunzi wakamwangusha. Akarudishwa, na mwaka 1968 wakamwangusha tena. Hapo kosa halikuwa la bolti. Waliotawaliwa hawakuulizwa kama wanamtaka, na vijana wa Hamburg hawakutaka kuurithi ule utukufu.

Lushoto yenyewe Wajerumani waliiita Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao. Jina hilo limekwenda. Leo tukisimamisha sanamu, awe nani? Mbegha, mwindaji wa nguruwe anayesimuliwa kuwa Simba Mwene wa kwanza? Au mkulima wa miaka ya 1950, mwanamke au mwanaume, aliyekataa kulazimishwa kuchimba matuta ya mkoloni? Kuna koo zitakazofurahi na nyingine zitakazonuna, na mhandisi hana dawa ya hilo. Dawa ni mkutano wa wananchi, mapema, kabla mchoro haujalipiwa.

Kwa hiyo chuo au mtaa wenu ukianza kuchangisha fedha za sanamu, uliza mambo matatu: nani amechagua sura hiyo, nani amepima udongo, na nani atazibua mifereji kila mwaka baada ya wageni kuondoka. Kama hakuna majibu, mchango usubiri.